Kabla hakimu hajaingia, wananchi waelezwe kesi huendaje

Sheria ya Kenya haina ubahili. Ukisoma Kifungu cha 49 na cha 50 cha Katiba ya 2010, utadhani viliandikwa na mtu aliyewahi kulala seli. Aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kosa lake ni lipi. Afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Aachiliwe kwa dhamana yenye masharti anayoyaweza, isipokuwa kama kuna sababu nzito ya kumzuia. Apewe muda wa kujitayarisha, aonyeshwe mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, apewe mkalimani bila kutozwa hata senti.

Haki hizo zote zipo, na bado kila siku ya kazi naona watu wakitoka kortini hawajui kilichowapata. Hakuna aliyewaambia kesi yao imefika wapi, na tarehe waliyopewa ni ya kuja kufanya nini. Kasoro hiyo yaweza kuondolewa katika korti za Thika na Ruiru bila Bunge kupitisha mswada na bila mtu mpya kuajiriwa. Yahitaji dakika kumi za asubuhi na karatasi moja.

Mimi si wakili. Nina duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi mjini Thika, kwenye njia wanayopita watu wa korti. Asubuhi napanda matatu Ruiru, jioni narudi. Kopi moja ni shilingi tano. Wateja wangu huja na hati za mashtaka, fomu za P3 za kuthibitisha majeraha, risiti za dhamana, hatimiliki za mashamba na vitambulisho vya mashangazi waliokubali kuwa wadhamini. Wanatoka Makongeni, Kiandutu, Juja, Gatundu, na wengine nilikotoka mimi asubuhi hiyo hiyo. Wakishalipa hawaondoki. Wananisukumia karatasi juu ya meza: “Mathe, hapa wamesema nini?”

Tuanze kesi inapoanzia. Kijana wa bodaboda anakamatwa Ijumaa usiku kwenye vurugu za baa. Anakaa seli Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa saa 24 zikiishia wakati korti imefungwa, Katiba inaruhusu aletwe siku ya kazi inayofuata. Jumatatu anapanda kizimbani hajaoga, ana njaa, na mwenye pikipiki anadai hesabu yake ya siku tatu. Anasomewa mashtaka mbio mbio kisha anaulizwa: ni kweli au si kweli? Kijana ana wazo moja tu kichwani, kutoka. Anajibu: “Ni kweli, lakini mimi nilikuwa natenganisha watu.”

Kesi nzima iko kwenye hiyo “lakini”. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao korti za Kenya zinaufuata hadi leo. Mshtakiwa aelezwe mashtaka pamoja na kila kiungo cha kosa, kwa lugha yake au lugha anayoielewa. Majibu yake yaandikwe kadiri inavyowezekana kwa maneno yake mwenyewe. Akikiri, kiongozi wa mashtaka aeleze jinsi tukio lilivyokuwa, na mshtakiwa aulizwe kama anakubali, anapinga, au ana la kuongeza. Akisema jambo linaloondoa kosa, iandikwe kwamba amekana na kesi ipangiwe kusikilizwa.

Kwa hiyo aliyekuwa akitenganisha watu hajakiri kupigana. Lakini atalijuaje hilo? Akiitikia “ndiyo” kwa uchovu maelezo yanaposomwa, amejifungia mlango. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai hakimpi aliyekiri rufaa ya kupinga hatia, ila ya kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Itabidi amshawishi jaji kwamba kule kukiri kwenyewe hakukuwa kukiri, na kufika kwa jaji kunataka pesa na muda ambao hana. Laiti angeambiwa mapema kwamba kusema “si kweli” si ufidhuli wala hakumkasirishi hakimu, na kwamba baada ya kukana anaweza kuomba dhamana aende nyumbani, angejibu vingine.

Jambo la pili ni pesa. Wateja wangu wengi huita kila hela inayolipwa kortini faini. Faini ni adhabu; ukiilipa, imekwenda. Dhamana ya pesa taslimu ni amana. Unaiweka ili mshtakiwa alale kwake na arudi tarehe za kesi, na kesi ikiisha bila yeye kutoroka, aliyeiweka anarudishiwa, hata mshtakiwa akipatikana na hatia. Bondi ni ahadi, mara nyingi ikiwa na mdhamini aliyeonyesha hatimiliki. Pesa hazitoki mfukoni mwake mpaka mshtakiwa akimbie. Na bondi ya polisi kule kituoni ni bure. Ukitakiwa kuacha dhamana ya pesa kituoni, dai risiti.

Mzee mmoja kutoka Gatundu alikuja kutoa nakala ya kitambulisho. Alikuwa amekifunga ndani ya karatasi, na alipoikunjua nikaona ni risiti ya korti ya shilingi elfu thelathini, imekunjwa mara nne, wino umeanza kufifia penye mikunjo.

“Mzee, hii ni kesi ya nani?”

“Ya kijana wangu. Iliisha mwaka juzi, wakamwachilia.”

“Na hizi pesa walikurudishia?”

“Si nililipa faini?”

Nikamwambia kwamba mtu aliyeachiliwa hatozwi faini. Alikuwa ameuza ng'ombe kupata pesa hizo, na kwa muda wote huo alizihesabu kama zilizopotea. Nilimtolea nakala mbili za ile risiti, nikamwambia aende ofisi ya hesabu ya korti iliyozipokea, akiwa na risiti yenyewe na kitambulisho. Alirudishiwa. Lakini siyo kazi ya mwenye fotokopi kugundua pesa za watu zimelala serikalini.

Linalowaumiza zaidi wanawake wa sokoni ni tarehe. Kuna siku ya kesi kutajwa na siku ya kesi kusikilizwa. Siku ya kutajwa hakuna ushahidi unaochukuliwa. Korti inaangalia kama faili imekamilika, kama mshtakiwa amepewa nakala za maelezo ya mashahidi, kisha inapanga tarehe. Mashahidi kwa kawaida hawahitajiki, ila mshtakiwa aliye nje kwa dhamana lazima afike. Akikosa, hati ya kumkamata inatolewa na mdhamini wake anaitwa kujieleza. Siku ya kusikilizwa ndiyo mashahidi wanapanda kizimbani. Wakikosa siku hiyo, kesi inayumba.

Muuza mboga mmoja wa Makongeni alipigwa na jirani hadi mkono ukavunjika. P3 yake ilijazwa, jirani akashtakiwa. Siku ya kutajwa mama huyu alifunga biashara, akaja na mashahidi watatu, na nauli zao amelipa yeye. Kesi ikaitwa, tarehe nyingine ikatolewa, yote dakika mbili. Alitoka pale amefura. Tarehe ya pili ilipofika aliona ni mchezo ule ule, akaenda soko la Madaraka kununua sukuma wiki. Siku hiyo ndiyo kesi ilipangiwa kusikilizwa. Kifungu cha 202 cha sheria ile ile ya kesi za jinai kinamwezesha hakimu kumwachilia mshtakiwa pale mlalamishi aliyejulishwa anapokosa kufika, kama hakuna sababu ya kuahirisha. Kesi ikafa hivyo. Mkono wake haujanyooka sawasawa mpaka leo, na jirani yuko pale pale.

Mama huyo alidhani kesi ni yake, kwamba isingeweza kwenda popote bila yeye kuitwa. Hati ya mashtaka ilisema Jamhuri dhidi ya jirani. Kesi ya jinai huendeshwa na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na yule aliyepigwa au kuibiwa anaingia kama shahidi. Ndiyo sababu watu wakipatana nyumbani hawawezi kumaliza mambo kwa kutokwenda kortini tu. Wanapaswa kumweleza kiongozi wa mashtaka, naye hakimu ndiye atakayekubali au kukataa kesi iondolewe. Na kuna makosa mazito, kama ya kunajisi watoto, ambayo familia haina ruhusa ya kuyamaliza kwa mbuzi na blanketi.

Kinyume chake ni madai. Mwenye lori la mawe ya Ndarugo ambaye hajalipwa hukimbilia kituo cha polisi akitaka mdeni wake afungwe. Deni ni kesi ya madai. Tena chini ya sheria ya 2016 kuna Mahakama ya Madai Madogo kwa deni lisilozidi shilingi milioni moja, ambako mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe katika siku 60. Wengi wanaodaiana hapa mjini bado hawajaisikia.

Mama mwingine aliingia dukani akilia kwa sauti mpaka wateja wakampisha kiti. Mwanawe, alisema, amepatikana na hatia. Nilipomuuliza hakimu alisema nini hasa, akajibu: “Amesema ana kesi ya kujibu.” Hakimu hakuwa amemtia mtu hatiani. Alisema tu kwamba ushahidi wa upande wa mashtaka unatosha kumtaka mshtakiwa ajitetee. Hapo, chini ya Kifungu cha 211, mshtakiwa ana njia tatu: atoe ushahidi kwa kiapo na kuhojiwa, atoe maelezo bila kiapo na asihojiwe, au anyamaze. Mzigo wa kuthibitisha kosa pasipo shaka bado ni wa upande wa mashtaka mpaka mwisho. Yule mama alikuwa tayari ameanza kuuliza bei ya sabuni na dawa ya meno za kumpelekea mwanawe gerezani.

Kuachiliwa nako kuna namna zake, na hapa nimejifunza kusoma nambari. Karatasi ikitaja Kifungu cha 210, korti imeona hakuna kesi ya kujibu, na mshtakiwa yuko huru. Ikitaja 215 na kumwachilia, kesi imesikilizwa hadi mwisho na ameshinda. Ikitaja 87(a) na hajaanza kujitetea, mashtaka yameondolewa tu, na anaweza kukamatwa tena kwa jambo lile lile. Kijana mmoja wa Ruiru aliyeachiliwa kwa 87(a) alitununulia sote soda. Baada ya miezi kadhaa alikamatwa tena, na mkewe alikuja kwangu akiapa kwamba polisi wamevunja sheria. Hawakuwa wameivunja. Hakuna aliyemweleza mumewe kwamba yale mashtaka yaweza kurudi, naye alikuwa ameshatupa nambari za simu za mashahidi wake.

Na kwa aliyehukumiwa, siku zinaanza kuhesabiwa papo hapo. Rufaa kutoka korti ya hakimu hukatwa ndani ya siku 14, ingawa jaji anaweza kumruhusu aliyechelewa kwa sababu nzuri. Siku 14 ni chache sana kwa familia ambayo wiki ya kwanza yote imekwenda kuuliza mtu wao amepelekwa gereza gani.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema kueleza mambo haya ni kazi ya wakili. Ni kweli, kwa mwenye wakili. Katiba inaitaka serikali impe wakili yule ambaye bila wakili atadhulumiwa vikubwa, na kwa kawaida wanaonufaika ni wenye kesi za mauaji kule Mahakama Kuu. Anayeshtakiwa kwa kuiba simu Githurai au kuuza chang'aa Kiandutu husimama peke yake.

Wa pili atasema mahakimu wana kesi nyingi, hawana muda wa kufundisha. Mimi sijaomba hakimu afundishe. Naomba tuhesabu muda unaopotea mashahidi wanapofurika siku ya kutajwa na kukosekana siku ya kusikilizwa, muda wa majaji wanaofuta hukumu kwa sababu mtu alisema “ni kweli” bila kuelewa, na muda wa makarani wanaoulizwa swali lile lile mlangoni tangu asubuhi.

Wa tatu atasema lugha ya sheria ni Kiingereza. Huyu ndiye aliyekosea zaidi. Kifungu cha 198 cha sheria ile ile ya kesi za jinai kinasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya korti za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Hakimu wa Ruiru au Thika haombi ruhusa kwa mtu yeyote ili aendeshe kesi kwa Kiswahili, na wengi huzungumza Kiswahili kortini kila siku. Shida ni kwamba kinachoandikwa na kubandikwa ukutani huwa Kiingereza. Orodha ya kesi hubandikwa, watu wanaipiga picha kwa simu, kisha wanakuja kuniuliza maana ya neno lililo mkabala na jina lao.

Majirani zetu Tanzania walikuwa na kisingizio hicho hicho, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuandikia hukumu. Jaji Zephrine Galeba akaandika hukumu kwa Kiswahili katika kesi iliyohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mwezi Februari 2021, Rais John Magufuli alimsifu hadharani na kumteua Mahakama ya Rufaa, na mwaka huo huo sheria ilibadilishwa kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Wao walianzia juu, kwa majaji. Sisi yafaa tuanzie kwenye benchi wanapokaa watu wakisubiri kuitwa. Na Kiswahili peke yake hakitoshi: kuna wazee wa Gatundu wanaohitaji kuelezwa kwa Kikuyu, na wafanyakazi wa viwanda na machimbo waliotoka kaunti za mbali wanaohitaji lugha zao. Haki ya mkalimani iko, ila mshtakiwa lazima ajue kwamba anaruhusiwa kumwomba.

Ninachopendekeza ni vitu vitatu. Kwanza, kila asubuhi kabla ya hakimu kuingia, karani asimame mbele ya watu kwa dakika kumi aeleze kwa Kiswahili na Kikuyu: kukiri na kukana ni nini, dhamana na faini zinatofautianaje, kutajwa na kusikilizwa ni siku gani na nani anapaswa kuja, kesi ya kujibu maana yake nini, na rufaa hukatwa lini. Pili, orodha ya kesi ibandikwe kwa Kiswahili pia. Tatu, kila anayetoka mbele ya hakimu apewe kipande cha karatasi chenye mistari mitatu: tarehe, aina ya siku hiyo, na nani aje. Aliyeachiliwa aandikiwe kama mashtaka yanaweza kurudi au la, na kama kuna dhamana ya kurudishwa, aelekezwe dirisha la kuidai.

Wa kuliamua hilo wapo. Kila kituo cha mahakama kina kamati ya watumiaji wa korti, inayokutanisha mahakimu, mawakili, polisi, magereza, viongozi wa mashtaka na wananchi, chini ya Baraza la Kitaifa la Utekelezaji wa Haki lililoundwa kwa sheria ya 2011. Kamati za Thika na Ruiru zinaweza kuliweka jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho na kuanza Jumatatu inayofuata.

Nawe msomaji, siku ukiitwa kortini, iwe umeshtakiwa, umeshtaki au unamdhamini mtu, usitoke mlangoni kabla hujamuuliza karani mambo matatu: siku ijayo ni ya kutajwa au ya kusikilizwa, nani anapaswa kuja, na pesa nilizolipa ni za nini. Ni haki yako kujibiwa kwa lugha unayoielewa. Kamati zikishaandika tangazo lao, walilete dukani: kopi mia mbili za kwanza nitazitoa bila malipo.